Vibanzi Hamsini

Mimi ndiye ninayetaja bei.
Wengine huzipanga, mbali huko, ghorofani;
mimi huzitamka, dirisha la pili, duka la dawa,
mjini Duluth, ambako Januari
pumzi humganda mtu masharubuni.

Toivo Lahtinen alivua glavu moja tu.
Miaka thelathini na minne alipakia chuma melini,
vidole vina sugu hata sindano hukosa njia.
"Leo ngapi?" akauliza kwa sauti ya chini,
kama mtu anayeulizia deni la nduguye.

Dola tisini na nne. Kisanduku kimoja. Vibanzi hamsini
vya kupimia sukari, vyembamba kama ukucha wa mtoto,
kila kimoja hunywa tone moja, kikatupwa.
Desemba alilipa kumi na moja.
Nikamweleza: mwaka mpya, bima imebadili chapa,
kipimo ulicho nacho hawakitambui tena.
Akakitoa mfukoni, akakiweka juu ya kaunta, akakitazama
kana kwamba ndicho kilichomsaliti.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji.
Bima huuliza.
Uji wa chapa gani? Vijiko vingapi kwa siku?
Nani kakuambia una njaa?

Akavaa glavu. Akasema atarudi.
Nawajua wanaosema watarudi.
Nje pale, kwenye nguzo ya taa, pana karatasi imepigiliwa:
TUNANUNUA VIBANZI VYA SUKARI, PESA TASLIMU,
na anayenunua lazima pia anauza:
vilivyopita tarehe, vilivyolala garini kwenye baridi,
vinavyosema mia na kumi damu ikisema mia tatu.
Nilimwona amesimama pale.
Nilimwona akiipiga picha ile namba.

Mchana ule nikala na simu sikioni.
Bonyeza moja. Bonyeza nne. Subiri.
Kinanda. Kinanda kilekile, hadi supu ikafanya utando.
Mwishowe mwanamke, jina lake Odessa, ana mafua,
akakohoa, akasema: "Daktari kaandika mara nne kwa siku,
lakini hakuandika insulini."
Basi?
"Asiyejidunga hupata kibanzi kimoja kwa siku. Anayejidunga, vinne."
Lakini anajidunga! Mimi ndiye ninayemfungashia,
na nyinyi ndio mnaolipa!
Kimya. Vidole vikibofya.
"Naona," akasema Odessa. "Mimi naona. Fomu haioni."

Neno moja. Herufi nane.
Thamani yake dola themanini na tatu.
Zahanati wakalituma Alhamisi, saa tisa kasoro,
chapa ikawa ile inayopendwa ghorofani, kipimo kipya bure,
skrini ikageuka kijani: kumi na moja.
Nikampigia. Ikaita tu.
Ijumaa nikampigia tena.

Siandiki haya kujisifu.
Jina lililofuata kwenye orodha yangu
lilikuwa la Bi. Marguerite Defoe,
na lake lilikataliwa mara mbili,
na mara ya tatu nilikuwa nimechoka.

Jumamosi, taa za barabarani zimeshawaka, akaja,
theluji mabegani.
Hakusema alikuwa wapi. Sikuuliza.
Akalipa kwa noti, akahesabu chenji, akatoka.
Kupitia kioo nikamwona ndani ya pikapu,
kifuniko kakishika kwa meno,
akitafuta ubavu wa kidole ambao haujawa jiwe.
Akangoja sekunde zake tano.
Halafu akanigeukia, akainua mkono:
vidole viwili.
Kisha sita, mikono yote.
Kisha ngumi.

Mia mbili na sitini.
Si habari njema.
Lakini ni ya kweli,
na vimebaki arobaini na tisa.